Bunduki ya moshi: bibi yuko sahihi, na kaka hajakosea sana

Swali: Shikamoo mzee. Sisi ni watu wa Korogwe. Baba yake bibi yangu alikuwa askari wa Mjerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipigana Tanga na Yasini (karibu na mpaka wa Kenya), baadaye akapelekwa kusini na kurudi vita vilipokwisha. Bibi, ambaye sasa amepita miaka 90, anasema baba yake alikuwa akiwaonyesha watoto kwa fimbo jinsi alivyokuwa akipiga bunduki: anafungua, anaiinamisha fimbo ubavu, anatia risasi moja, anafunga, anapiga, halafu anapepea moshi usoni. Kaka yangu, mtu wa kusoma mambo ya vita mtandaoni, anasema hizo ni hadithi za watoto. Kwamba Mjerumani alikuwa na Mauser 98, inakula risasi 5, haitoi moshi, na ndiyo iliyokuwa bunduki bora duniani wakati ule. Nyumbani tuna ganda la risasi la zamani, limeota ukijani. Nani mkweli? Na ganda hili linaweza kutuambia nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeandika mengi, lakini lililonishika ni moja: kuinamisha fimbo ubavu. Nimefanya kazi ya kusafisha na kuorodhesha bunduki kuukuu kwa miaka zaidi ya 20, na nimesikiliza familia nyingi zikisimulia babu zao. Katika masimulizi hayo babu hupiga "pa! pa!" na maadui huanguka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba babu alikuwa anainamisha. Mtoto anayecheza na kijiti hainamishi, na kwenye sinema hawainamishi. Anayeinamisha ni mtu aliyebeba aina moja ya bunduki mpaka kiganja kikazoea chenyewe.

Bunduki hiyo ni Mauser ya mwaka 1871. Waliibuni ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji mdogo wa Oberndorf kusini mwa Ujerumani, na jeshi la Prussia likaichukua mara baada ya vita vyake na Ufaransa. Haina magazini, yaani chumba cha akiba ya risasi. Unatia risasi moja, unapiga, unatoa ganda, unatia nyingine. Inafungwa kwa komeo, tena komeo hasa, kama lile la mlango wa bafu la uani: unainua kishikio, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unalaza. Bunduki nyingi za kuwindia za leo bado zinafungwa kwa wazo hilohilo.

Sasa tazama kinachotokea baada ya kupiga. Kwenye komeo kuna ukucha mdogo unaolishika ganda kwenye ukingo wa kitako chake. Ukivuta komeo nyuma, ukucha unalikokota ganda kutoka kasibani, yaani ndani ya mtutu. Kwenye bunduki za baadaye kuna pia kijino ambacho ganda linakigonga na kurushwa nje. Ndiyo yale maganda unayoyaona yakiruka kwenye filamu. Mauser ya 1871 haikuwa na kijino hicho. Ganda linatoka kasibani, halafu linalala palepale kwenye uwazi, la moto, limeziba njia. Kulitoa ni lazima uipindue bunduki ubavu lianguke lenyewe. Walipoitengeneza upya mwaka 1884, wakaipa magazini ya mrija yenye risasi 8 chini ya kasiba, kijino kikaongezwa na haja ya kuinamisha ikaisha. Kwa hiyo mzee wenu, bila kujua kwamba kuna siku kitukuu chake ataniandikia, ametaja kwa mkono wake mtindo kamili wa bunduki. Mwenzetu anayeamini maandishi tu angehitaji cheti.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu jambo hili, nami nakupa kama kinavyosimuliwa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliobaki hai malimbikizo ya mishahara yao. Wazee wakajitokeza, wengi hawana karatasi yoyote. Ofisa aliyekuja na fedha akampa kila mmoja fagio na kumpigia amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanasema hakuna aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu waweke silaha chini.

Turudi kwenye moshi. Baruti ya Mauser 71 ni ileile ya gobore: shura, makaa na kibiriti upele. Ukiichoma, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kuwa chembe ngumu, na chembe hizo ndizo ule moshi mweupe mzito, na ndizo masizi unayoyakuta kasibani. Kila risasi ya Mauser 71 ilikuwa na baruti ya gramu 5 hivi, karibu kijiko kimoja cha chai. Mbele yake ilikaa risasi ya madini laini na mazito ya gramu 25, nene milimita 11, iliyotoka mdomoni kwa mwendo wa takriban mita 440 kwa sekunde. Mwendo huo si mkubwa, lakini madini laini ya unene ule yakimpata mtu yanavunja mfupa vibaya sana.

Jaribu kumwona askari amelala kichakani nje ya Yasini, asubuhi, upepo haujaanza. Anapiga moja. Wingu linatoka mbele ya uso wake, linakaa palepale chini ya majani. Haoni kama amepata au amekosa. Kupepea kwa kiganja kulikuwa sehemu ya kazi, wala si madoido ya kuchekeshea watoto. Mbaya zaidi, aliye upande wa pili anaona wingu hilo vizuri na anajua kichwa kiko wapi, wakati yeye mwenyewe anatumia baruti isiyo na moshi na haonekani. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alilalamika hivyohivyo: porini, moshi unamfichua aliyepiga.

Na kazi haikuishia hapo. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu. Kwa hewa ya pwani, ukilala bila kuosha, asubuhi kasiba ina kutu ya rangi ya chungwa. Dawa yake ni maji ya moto, kitambaa kwenye kijiti, kukausha, halafu mafuta. Nimewahi kuchungulia kasiba moja ya aina hii iliyoachwa na uchafu wake. Kuta zake ndani zilikuwa kama gome la mwembe. Mwulize bibi kama baba yake alikuwa mtu wa kupenda sana usafi wa vyombo. Wengi wao walibaki hivyo hadi uzeeni.

Kwa nini taifa lenye viwanda kama Ujerumani liwape askari wake bunduki ya namna hiyo mwaka 1914? Lawama ianze Ufaransa. Mwaka 1884 mkemia Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya kuitumia, Lebel. Kila bunduki ya vita duniani ikawa imezeeka. Wajerumani walikimbizana: kamati ya jeshi ikaunda bunduki ya 1888, ya milimita 7.92, na miaka 10 baadaye ikaja ile anayoipenda kaka yako, Mauser ya 1898. Maghala yakabaki yamejaa bunduki za 1871, nzima, imara, zisizo na mtu wa kuzitaka.

Makoloni yakawa jaa la maghala hayo. Hermann von Wissmann alipoleta kikosi chake mwaka 1889 kumpiga Abushiri bin Salim wa Pangani, alikuja na Wasudani alioandikisha Misri. Ndio waliotuachia vyeo kama ombasha, shaushi na efendi. Kikosi hicho ndicho kilichogeuka kuwa jeshi la koloni, na bunduki ya askari wake ikabaki kuwa Mauser 71, hasa ile fupi kidogo iliyokuwa ya vikosi vya wawindaji (Jäger, askari wepesi wa miguu) huko kwao, yenye urefu wa mita 1.24 hivi badala ya 1.35. Wazungu wenyewe walipewa za kisasa. Sababu walizotoa ni bei, na kwamba silaha sahili inamfaa askari wa Kiafrika. Hiyo ya pili ni dharau iliyovishwa nguo ya hesabu, maana askari haohao walipopewa bunduki mpya walizizoea vizuri.

Hapa nikuombe jambo. Ukiweza, tafuta mzee alijiunga mwaka gani. Kama ni kabla ya 1905, basi huenda bunduki hiyohiyo ilikwenda Maji Maji. Kule kusini watu walisimama na mikuki na magobore mbele ya Mauser 71 na bombom (bunduki za rashasha) za Maxim, wakiwa wameahidiwa kwamba risasi zitageuka maji. Wajerumani walihesabu waliokufa kuwa 75,000; watafiti wa baadaye wametaja hadi 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Familia nyingi za askari hazipendi kuulizwa habari hiyo. Nakwambia kwa sababu umeuliza ukweli wa bunduki, na bunduki ina pande mbili.

Sasa zamu ya kaka. Mauser 98 ni kweli ilikuwa bunduki nzuri kupita kiasi. Urefu mita 1.25, uzito kilo 4 na ushee, risasi 5 zinasukumwa ndani kwa kidole gumba kutoka kwenye kibanio cha chuma. Risasi yake iliyochongoka ni ya gramu 10 tu, lakini inatoka kwa mwendo wa takriban mita 880 kwa sekunde, mara mbili ya ile ya mzee. Komeo lake lina meno 3 ya kufungia, na la tatu liko nyuma kama tahadhari mengine yakivunjika. Ukucha wake ni mkubwa na unalishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, hivyo hata ukiwa umelala chali au umeigeuza juu chini, haibabaiki.

Ila "bora duniani" inategemea dunia ipi. Alama ya chini kabisa kwenye kilengeo chake ilikuwa mita 400, na ya juu mita 2,000. Wataalamu wa Ulaya waliiandaa kwa mashamba mapana ya ngano. Mpe mtu bunduki hiyo katika kichaka cha mkonge, adui yuko hatua 80, alenge kifua kwa kufuata alama: risasi inakwenda juu ya alipolenga. Askari aliyefunzwa vizuri alilenga chini ya mkanda. Asiyefunzwa alipiga matawi.

Kosa la kaka ni la tarehe. Agosti 1914 jeshi la hapa lilikuwa na kampuni 14 na askari 2,500 hivi, na mabadiliko ya bunduki yalikuwa yameanza tu. Kampuni nyingi bado zilikuwa na 71. Vita vikaanza, manowari za Waingereza zikafunga bahari, na shehena mpya ikakwamia Ulaya.

Ndipo Tanga ikatokea. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walifika na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken. Upande wa pili walikuwa 1,000 hivi. Hadi tarehe 5 wavamizi walikuwa wamerudi melini. Watu wengi hukumbuka nyuki waliotoka mizingani na kuwashambulia wote bila kuuliza bendera. Mimi nakumbuka kilichoachwa ufukweni: bunduki za kisasa za kutosha kampuni 3, bombom 16 na risasi 600,000. Von Lettow aliandika hesabu hiyo mwenyewe, na ukisoma unaona kama mtu aliyeokota pochi njiani. Bunduki hizo zilikuwa Lee-Enfield za Kiingereza, inchi 0.303, yaani milimita 7.7, zenye magazini ya risasi 10. Kwa hiyo kuanzia wiki ile kulikuwa na askari wa Mjerumani wanaompiga Mwingereza kwa bunduki ya Mwingereza.

Miezi miwili baadaye, Yasini, walishinda tena, lakini walitumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Von Lettow akapiga hesabu na kuona anaweza kumudu mapigano mengine ya aina ile yasiyozidi 3. Tangu hapo vita vyake vilikuwa vya kuviziana na kukimbia. Ukisikia watu wanasifu werevu wake wa kivita, ukumbuke kwamba mwalimu wake mkuu alikuwa ghala tupu.

Meli 2 zilifanikiwa kupenya. Ya kwanza, Rubens, ilijifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg na kuingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta na kuipiga, Rubens ikakaa chini ya maji ya kina kifupi na Waingereza wakaihesabu imekufa. Wapiga mbizi wakaanza kazi. Masanduku ya bunduki za kisasa yakatolewa, na risasi mamilioni, zikiwa zimelowa maji ya chumvi. Kilichofuata ni kazi ninayoiona ya ajabu kuliko mapigano yenyewe: risasi zilifunguliwa moja moja kwa mkono, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, zikafungwa tena. Nyingi bado zilikataa kuwaka. Mwenye bunduki ya komeo anavumilia. Anavuta, anaitupa, anatia nyingine. Bombom haina subira na risasi mbovu, inakwama ikiwa inahitajika zaidi. Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi karibu na Lindi Machi 1916, ikaleta shehena kavu pamoja na mizinga.

Kwa hiyo kati ya 1915 na 1917 kaka yako anaanza kuwa sahihi. Askari wengi walikabidhiwa 98, na 71 zikasogezwa kwa waliosalia nyuma na wapya. Huenda mzee alizishika zote mbili, lakini aliyowaonyesha watoto ilikuwa ile ya kwanza, na si ajabu. Mtu hukumbuka jembe alilofundishiwa kulima.

Mwisho wake ndio unaonifurahisha mimi kama mtu wa bunduki. Baada ya mapigano ya Mahiwa huko kusini, Oktoba 1917, risasi za kisasa za Kijerumani zilikuwa karibu kwisha. Mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma wakiwa Wazungu takriban 300 na askari takriban 1,700, na tarehe 25 Novemba wakaivamia kambi ya Wareno, Ngomano. Wakatoka na bunduki za Kireno za milimita 6.5 na robo milioni ya risasi zake. Nazo, ukizifungua, ni komeo la Mauser lililorekebishwa na Mreno aitwaye Vergueiro! Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, wakaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Waliokuwepo ni Wazungu 155 na askari 1,168. Waliyoyakabidhi yaliandikwa: mzinga 1 wa Kireno, bombom 37, 7 kati yake za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Katika orodha hiyo hakuna bunduki hata moja ya Kijerumani, si 71 wala 98. Ukiacha bombom zile 7, jeshi la mwisho la Kaizari kuweka silaha chini liliweka silaha za watu wengine.

Kama mzee wenu alikuwa mmoja wao, baada ya hapo walipelekwa kizuizini Tabora, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule iliwakuta.

Jambo dogo kwa kaka, bila ugomvi. Picha uliyoniambatanishia kutoka kwake ina kishikio cha komeo kilichopindwa chini na kidude cha duara cha chuma kwenye kitako. Hiyo si Mauser 98 ya vita vya kwanza. Ni 98k, mkarabini (bunduki fupi) wa mwaka 1935, kasiba yake sentimita 60, na ndiyo vijana wanayoijua kwenye michezo ya simu kwa jina la Kar98. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 14. Ile ya 1898 ina kishikio kilichonyooka kinachochomoza pembeni kama tawi. Bunduki za Hitler hazikupigana katika ardhi yetu. Vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) katika vita vya pili walikutana na Waitaliano Ethiopia na Somalia, Wafaransa wa Vichy (serikali iliyoshirikiana na Hitler) Madagaska mwaka 1942, na Wajapani Burma. Mtu akikuuzia "bunduki ya Mjerumani aliyoiteka babu vita vya pili", muulize babu aliitekea wapi.

Hata ile sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, watu huniambia "yule askari wa Mjerumani". Ni askari wa upande wa Mwingereza, na bunduki yenye singe anayoielekeza bandarini ni ya Mwingereza. Penyewe palikuwa na sanamu ya Wissmann, waliiondoa.

Ganda sasa. Kwanza kabisa: je, ni ganda tupu, au bado lina risasi mdomoni? Kama lina risasi, usiligonge, usilipashe moto, usilisugue na msasa, na usimpe fundi wa baiskeli alifungue. Baruti ya miaka 100 bado inawaka. Liache lilipo, ita polisi, na uhifadhi kwa picha. Kama ni tupu, endelea.

Chukua penseli ya kawaida ya shule uingize upande usiochongwa kwenye mdomo wa ganda. Ikicheza huko ndani na kubaki nafasi tele, mdomo ni wa milimita 11: huenda ni la Mauser 71, la mzee. Pima na urefu kwa rula, utapata milimita 60, na kitako kipana karibu milimita 15. Penseli ikikataa kabisa kuingia, huenda ni lile la Kireno, la milimita 6.5, na basi mna kitu kilichotembea kutoka Ngomano. Ikiingia kwa kubana, ni ama la Kijerumani la 7.92 au la Kiingereza la 303, na hapo tazama kitako. La Kiingereza lina ukingo unaochomoza nje kama ukingo wa sahani. La Kijerumani halichomozi. Lina mfereji mwembamba umezunguka juu ya kitako, na kitako kiko sawa na mwili.

Likiwa la Kiingereza, usishangilie mapema. Risasi za 303 zilitumiwa na jeshi na polisi wa hapa kwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo haithibitishi kitu mpaka tusome herufi zake. La 71 lina uzito zaidi kama ushahidi. Tena ni bahati kuwa nalo, kwa sababu shaba ilikuwa adimu. Mwaka 1916 Wajerumani walipokosa sarafu, karakana ya reli Tabora ilipiga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba yoyote iliyopatikana, maganda ya risasi na ya mizinga yakiwemo. Heller hiyo ndiyo "hela" tunayoitafuta kila siku mimi na wewe.

Usilisafishe kwa limau wala Brasso, tafadhali. Ule ukijani hauli haraka, lakini limau na kusugua vinaweza kufifisha herufi za kitako. Futa kwa kitambaa kikavu. Lisimamishe kwenye karatasi nyeupe, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni nipate ukubwa, unipigie picha ya ubavuni na ya kitako, karibu na dirisha, bila flashi. Herufi na namba zilizozunguka kitakoni ndizo zitakazotuambia kiwanda, na mara nyingi mwaka.

Halafu nenda kwa bibi. Usimweleze niliyoandika hapa, maana atakujibu unachotaka kusikia, wazee wetu ni waungwana. Mpe fimbo tu, umwambie akuonyeshe tena. Uangalie kama baada ya kuinamisha anatia kwa vidole viwili, moja moja, au kuna siku baba yake alionyesha kusukuma kwa kidole gumba kutoka juu. Mkirekodi kwa simu, simu iwe upande wa kulia wake.